Milimita sita zilizopotea: uchambuzi wa kisa cha gitaa la umeme lililotengenezwa nyumbani

Kwa macho, gitaa lenyewe lilikuwa zuri. Bodi ya mahogani ya kipande kimoja, kingo zimepigwa msasa mpaka zinateleza mkononi, vanishi imekaa bila tone lililoganda. Pikapu (vinasa sauti vya sumaku) mbili za koili moja moja, na daraja la chuma lililofungwa kwa skrubu, nyuzi zikipenya ndani ya bodi na kutokea mgongoni. Shingo ilinunuliwa ikiwa tayari, feti (vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole) zimeshapigwa na nati ya mfupa, kipande kinachobeba nyuzi upande wa vigingi, iko mahali pake. Kazi nyingine yote mwenye gitaa aliifanya mwenyewe nyumbani kwa ruta, patasi na drili ya mkono, akifuata mchoro wa vipimo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na nimewahi kushika magitaa ya kiwandani yaliyochongwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Lakini lilikuwa halipigiki. Nyuzi zikiwa wazi, tyuna (kifaa cha kupimia sauti) ilionyesha kila uzi uko sawasawa. Ukibonyeza tu, mambo yanaharibika. Kodi ya E (sauti kadhaa zikipigwa pamoja) karibu na nati ilikwaruza sikio, na ukipanda juu ya shingo mpaka feti ya 12 hali ilikuwa vilevile. Uzi wa kwanza ulikuwa unateleza na kuanguka nje ya ubao wa vidole kila ulipovutwa kidogo. Juu ya hayo kulikuwa na muungurumo kwenye amplifaya ambao haukukoma.

Kufikia hapo mwenye gitaa alikuwa ameshabadilisha vigingi vyote sita kwa vingine vya bei ya juu, ameweka nyuzi mpya, na alikuwa anajiandaa kununua pikapu nyingine. "Fundi, nadhani hizi pikapu ni feki," ndivyo alivyonieleza.

Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kirefu kwa sababu wengi wanaojenga gitaa la kwanza hufika hapohapo: kilichonunuliwa ndicho kinachoshukiwa, na kilichochongwa kwa mkono hakiguswi. Msimamo wangu ni kwamba gitaa la nyumbani likikataa kulingana sauti, kitu cha kwanza kuchunguza ni umbali kati ya nati na matandiko ya daraja, yaani vipande vinavyobeba kila uzi. Mbao, sumaku na vigingi vinangoja zamu yao.

Vigingi na pikapu: kwa nini niliviachia

Kigingi kina kazi moja tu, kuweka na kushikilia mkazo wa uzi. Ukituni uzi wazi, ukaupiga kwa nguvu, ukauvuta, kisha ukaangalia tyuna na kukuta uko palepale, kigingi kimemaliza wajibu wake. Nyuzi za gitaa hili zilibaki palepale. Kwa hiyo vigingi vipya havikuweza kubadilisha chochote, hata vingekuwa bora kuliko vyote.

Pikapu nayo inapokea tu. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku, mtikisiko huo unazalisha umeme mdogo ndani ya koili, kanuni ileile ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Uzi ukitikisika mara 82.4 kwa sekunde, ambayo ndiyo E ya uzi mnene, pikapu itapeleka 82.4. Haiongezi wala haipunguzi. Kuna hali moja inayostahili kuangaliwa: sumaku zikiwa karibu mno na nyuzi, huzivuta na kuzifanya zilie kwa sauti mbili zinazogombana, hasa nyuzi nene ukibonyeza feti za juu. Niliteremsha pikapu zote mbili mpaka nafasi ikazidi milimita 3, nyuzi zikiwa zimebonyezwa feti ya mwisho. Hakuna kilichobadilika. Pikapu zikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Yakabaki maeneo matatu ambako sauti ya uzi inaamuliwa: nati, feti na tandiko.

Feti zilikuwa rahisi kuzikagua. Umbali wa kufika kila feti inayofuata ni urefu uliobaki wa uzi ukigawanywa kwa 17.817, hesabu inayotokana na kipeuo cha 12 cha namba mbili, yaani 1.05946. Kwa shingo ya skeli (urefu wa uzi kutoka nati mpaka daraja kwa hesabu) ya milimita 648, feti ya kwanza inatakiwa kuwa milimita 36.4 kutoka nati na feti ya 12 iwe nusu kamili, milimita 324. Rula ya chuma ilisoma hivyohivyo. Niliangalia pia upindo wa shingo: uzi ulipobonyezwa feti ya kwanza na ya mwisho, nafasi juu ya feti ya saba ilikuwa kama robo milimita, jambo la kawaida kabisa. Shingo haikuwa na tatizo.

Ukinunua shingo iliyokamilika, hesabu yote ya feti inakuja imefungwa. Huwezi kuibadilisha tena. Kilichobaki wazi ni kimoja, mahali utakapoliweka daraja. Brian May na baba yake walipoanza kujenga gitaa lao nyumbani mwaka 1963, shingo waliichonga kutoka kwenye mbao ya meko ya zamani na daraja wakalitengeneza wao wenyewe, kwa hiyo kila kipimo kilikuwa mikononi mwao tangu mwanzo. Anayechanganya shingo ya dukani na bodi ya mkononi mwake ana kazi ya namna nyingine: lazima bodi iifuate shingo, maana shingo haitaifuata bodi.

Makosa mawili yaliyovaa sura moja

Hapa ndipo kisa kilipokuwa kigumu, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Nati ikiwa juu mno, yaani vijia vya nyuzi havikukatwa kwenda chini vya kutosha, uzi unalazimika kusafiri mbali kabla haujagusa feti ya kwanza. Ukiusukuma hivyo unauvuta, na ukiuvuta sauti inapanda. Kosa hilo ni kubwa zaidi feti ya kwanza, linapungua ya pili, linapungua tena ya tatu, na kufikia feti ya tano au ya sita karibu limezama. Tandiko likiwa karibu mno na nati, mambo yanakuwa kinyume: kosa ni dogo chini na linakua kadiri unavyopanda shingo. Fundi anayejua tofauti hiyo anaweza kutambua mgonjwa kwa kusikiliza tu.

Gitaa hili lilikuwa na yote mawili. Chini lilipanda kwa sababu ya nati, juu likapanda kwa sababu ya tandiko, na katikati yalikutana. Ukisikiliza bila kutenganisha unapata gitaa lililoharibika kila mahali, na hapo ni rahisi mno kufikiri kwamba kuna kifaa kibovu kinachoharibu yote.

Njia ya kutenganisha ni kuiondoa nati kwenye hesabu. Funga kapo, kibanio kinachobonyeza nyuzi zote kwa pamoja, kwenye feti ya kwanza. Sasa feti hiyo ndiyo nati yako, na urefu wake hauna ubishi. Tuni nyuzi upya zikiwa na kapo, halafu bonyeza feti ya 13, ambayo ni oktava kamili kutoka hapo, na usome tyuna. Nusu-toni moja imegawanywa senti 100, na sikio lililozoea muziki huanza kusumbuka kwenye senti 5 hivi. Uzi mnene wa E ulikuwa umepanda senti 18. Uzi mwembamba wa E ulikuwa umepanda senti 10. Nyuzi za katikati zilikuwa baina ya hizo mbili.

Kwa shingo ya urefu huu, ikiwa na kapo feti ya kwanza, kila milimita moja ambayo tandiko limesogea mahali pasipo pake inaleta kosa la takriban senti 2.8. Gawanya 18 kwa 2.8 unapata milimita 6 na nusu hivi. Gawanya 10 unapata 3 na nusu. Kwa hiyo, kabla sijapima chochote kwenye daraja, nilijua tandiko la uzi mnene linatakiwa kurudi nyuma zaidi ya milimita 6.

Kisha nikatazama daraja kwa karibu, na lilikuwa linasema wazi. Kila tandiko lina skrubu yake ndefu na springi inayolisukuma mbele. Springi zote sita zilikuwa zimebanwa mpaka pindo moja linagusa jingine, na matandiko yote yamesimama mstari mmoja ulionyooka, migongo yao ukutani mwa daraja. Gitaa lenye afya halikai hivyo. Matandiko yake hukaa kama ngazi: la uzi mnene nyuma kabisa, la A mbele yake kidogo, la D mbele zaidi, kisha la G, ambao hauna waya wa kuzungushiwa, linarudi nyuma tena, halafu B na E zinapiga hatua kwenda mbele. Sababu ni kwamba uzi unapobonyezwa unavutika kidogo na sauti yake inapanda kuliko hesabu ya urefu peke yake. Chuma cha ndani kikiwa kinene na kigumu, inapanda zaidi. Tandiko linarudishwa nyuma ili kufidia. Mtu akiona ngazi imetoweka na matandiko yote yamegonga ukuta, ajue mwenye gitaa alikuwa anajaribu kurudi nyuma na nafasi ikamwishia.

Nilipima. Kutoka nati mpaka kwenye matandiko: milimita 646, yote sita.

Zilikwenda wapi?

Mwenyewe alisisitiza kwamba alipima. Alitoa mpaka mchoro wake wenye alama: milimita 648 kutoka nati mpaka katikati ya mwendo wa matandiko, ili yaweze kwenda mbele milimita 4.5 na nyuma milimita 4.5. Huo ni mpango mzuri. Ukirudisha nyuma kabisa unapata 652.5, na hapo ndipo uzi mnene wa gitaa la namna hii hupenda kukaa. Nilimwamini, kwa sababu mtu anayepiga vanishi namna ile haachi kupima.

Jibu lilikuwa ndani ya mfuko wa shingo, lile shimo la bodi ambamo shingo huingia. Nilifungua skrubu nne za mgongoni na kuitoa shingo. Kuta za mfuko zilikuwa laini, zina mng'ao mdogo ambao kisu cha ruta huacha. Lakini kona mbili za mwisho, zile zinazoelekea daraja, zilikuwa na alama za patasi, mbao yake nyeupe zaidi na nyuzinyuzi zimesimama. Nikamuuliza ruta alitumia kisu cha ukubwa gani. Nusu inchi, yaani kipenyo cha milimita 12.7.

Kisu cha mviringo hakiwezi kuchonga kona ya mraba. Huacha kona iliyojikunja kwa nusu ya kipenyo chake, milimita 6.35. Kisigino cha shingo aliyonunua, yaani mwisho wake unaoingia mfukoni, kilikuwa na kona za mraba. Alipoiweka mara ya kwanza, kona zile zilikwama pale mkunjo unapoanzia, na shingo ikasimama ikiwa imebakiza milimita 6 na ushee kufika mwisho wa mfuko. Ilikaa imara, haichezi, na akaona imefika. Akapima 648, akatoboa matundu ya daraja na matundu sita ya nyuzi mpaka mgongoni. Kila kipimo kilikuwa sahihi wakati huo.

Baadaye, akijiandaa kupiga vanishi, aliona pengo kati ya kisigino na mwisho wa mfuko. Lilimkera. Akachukua patasi, akazipasua zile kona zikawa za mraba, na shingo ikateleza ndani mpaka mwisho bila pengo hata la karatasi. Ndipo akatoboa matundu ya skrubu za shingo. Kwa macho, kazi ilikuwa imekuwa bora. Kwa uzi, skeli ilikuwa imepungua milimita 6.35, na hakupima tena kwa kuwa alishapima.

652.5 ukitoa 6.35 unapata 646.15. Rula yangu ilisoma 646. Mara chache sana hesabu ya kosa hukutana na chanzo chake kwa ukaribu namna hiyo, na nakiri nilifurahi.

Somo la kiufundi hapa ni la mpangilio. Shingo ikae kwanza: kona zikatwe, kisigino kifike mwisho, skrubu zitobolewe na kufungwa kabisa. Baada ya hapo ndipo daraja lipimwe, kutoka kwenye nati halisi ya shingo halisi iliyofungwa. Mchoro ni wa kukusaidia kuanza tu. Ukishatoboa daraja, mfuko wa shingo usiguswe tena kwa patasi wala msasa.

Kurekebisha: daraja au shingo?

Tulikuwa na njia mbili, na tulizijadili kwa muda.

Ya kwanza ni kulirudisha daraja nyuma. Kwa kawaida hiyo ndiyo ningeichagua. Unaziba matundu ya skrubu kwa vipande vya mbao ngumu na gundi, unapima upya, unatoboa. Daraja lenyewe linafunika kovu. Lakini nyuzi za gitaa hili zilipita ndani ya bodi. Matundu sita ya nyuzi yangelazimika kuhama milimita chache, yaani matundu mapya yakikatiza kwenye kingo za matundu ya zamani, na mgongoni vikombe sita vya chuma vilikuwa vimeshazama kwenye vanishi iliyokamilika. Drili ikiingia nusu kwenye mbao na nusu kwenye tundu, hukimbilia upande wenye tundu. Safu ile ya mgongoni ingeharibika mbele ya macho ya kila mtu.

Njia ya pili ni kuirudisha shingo pale ilipokuwa. Leo Fender, alipotoa magitaa yake ya kwanza ya bodi nzima yasiyo na uwazi ndani mwaka 1950, aliifunga shingo kwa skrubu badala ya gundi ili iweze kutolewa na kubadilishwa. Uamuzi huo ndio uliotuokoa. Kama shingo ingekuwa imegundishwa, hapa pangekuwa na kisa kingine kirefu zaidi.

Tukachagua shingo. Nilikata kipande cha mpingo chenye unene wa milimita 8, upana wa mfuko na kina cha mfuko, tukakigundisha kwenye ukuta wa mwisho. Kwa nini 8 na si 6.35? Kwa sababu 6.35 ingetupa 652.5 tu, tandiko la uzi mnene likiwa limegonga ukuta tena. Milimita moja na ushee za ziada zinampa nafasi siku akiweka nyuzi nene. Kipande hicho kinasukumwa na nguvu halisi: seti ya nyuzi inayoanzia inchi 0.010 mpaka 0.046 inavuta kwa jumla kama kilo 46 kwenye skeli hii, na sehemu kubwa ya mkazo huo unaisukuma shingo kuelekea bodi. Ndiyo maana nilitaka mbao ngumu, iliyokaa bapa ukutani bila hewa katikati. Mbao laini ingebonyea kidogo kidogo na skeli ingeanza kuhama tena.

Kipande kinaonekana kama utepe mweusi kati ya mwisho wa ubao wa vidole na pikapu ya shingo. Mwenyewe alikipenda.

Matundu ya zamani kwenye kisigino cha shingo tuliyaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, tukaacha gundi ishike mpaka siku iliyofuata. Kabla ya kutoboa mapya tulishughulikia lile tatizo la uzi wa kwanza kuanguka nje. Mfuko ulikuwa mpana kuliko kisigino kwa karibu nusu milimita. Mtu anaweza kudharau nusu milimita, lakini mfuko una urefu wa milimita 76 tu na shingo inaendelea kama milimita 400 mbele yake. Nusu milimita ya kuyumba ndani ya mfuko inazaa zaidi ya milimita 2 kwenye nati. Tuligundisha ukanda mwembamba wa mbao kwenye ukuta mmoja, tukaupunguza kwa msasa mpaka shingo ikaingia kwa kusukumwa na kiganja. Kisha tukafunga nyuzi mbili tu, ya kwanza na ya sita, kwa mkazo mdogo sana, shingo ikiwa imeshikwa kwa klampu. Tukaisogeza mpaka kila uzi ukawa umbali sawa na ukingo wake wa ubao, hapo ndipo nikaweka alama za skrubu kupitia matundu ya bodi. Nyuzi zenyewe zilitumika kama kamba ya fundi mwashi. Hakuna rula inayoweza kusema ukweli huo vizuri zaidi.

Nati

Kipimo cha nati hakihitaji chombo. Bonyeza uzi kati ya feti ya pili na ya tatu, halafu tazama nafasi iliyobaki juu ya feti ya kwanza. Panatakiwa mwanga mwembamba tu, sehemu ya kumi ya milimita au karibu na hapo. Ukigonga uzi kwa ncha ya kidole unasikia mlio mdogo wa chuma. Kwenye gitaa hili ungeweza kupitisha kadi ngumu. F kwenye feti ya kwanza ya uzi mnene ilikuwa imepanda zaidi ya senti 20.

Nilikata vijia kwa tupa nyembamba zenye upana wa kila uzi, nikielekeza tupa ishuke upande wa vigingi ili uzi uachie nati kwenye ukingo wake wa mbele kabisa. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kijia kikiwa bapa au kimeinama upande mwingine, uzi unaachia katikati ya nati, na hapo umeharibu skeli upya kutoka upande wa juu. Kazi ni ya kupunguza kidogo, kufunga uzi, kupima, kulegeza, kupunguza tena. Ukipitiliza, uzi wazi utagonga feti ya kwanza na nati italazimika kutengenezwa upya. Kijia cha G kilikuwa kinaubana uzi, ndiyo sababu ulikuwa unatoa mlio kila unapotuniwa na kuruka badala ya kupanda taratibu. Tulikipanua kidogo na kupaka unga wa penseli.

Mpangilio wa marekebisho ya mwisho ulikuwa huu: upindo wa shingo kwanza, kisha nati, kisha urefu wa nyuzi juu ya feti ya 12 (milimita 2 uzi mnene, 1.6 uzi mwembamba), na matandiko mwisho kabisa. Kila hatua inagusa ile inayofuata, kwa hiyo kuanza na matandiko ni kujipa kazi ya kurudia. Kwa matandiko, nililinganisha hamoniki ya feti ya 12 (uzi ukiguswa tu juu ya feti bila kubonyezwa) na sauti ya kubonyeza feti hiyohiyo. Ikibonyezwa na kupanda kuliko hamoniki, tandiko linarudi nyuma. Ikishuka, linakuja mbele. Nyuzi zilikuwa mpya, maana uzi mkuukuu wenye kutu na uchafu hautikisiki sawasawa na utakupa jibu la uongo.

Tulipomaliza, nyuzi zote zilikuwa ndani ya senti 2 feti ya 12, na ile ngazi ikaonekana kwenye daraja.

Kodi moja bado ilimsumbua mwenyewe, E ya wazi, hasa ile G kali (G iliyopandishwa nusu-toni) iliyo ndani yake. Nilimweleza kwamba hilo si kosa la gitaa. Feti zimepangwa ili nusu-toni zote zilingane, na mpangilio huo unaiweka tatu kubwa, yaani umbali kati ya E na hiyo G kali, kwenye senti 400, wakati tatu iliyo safi kabisa kwa sikio ni takriban 386. Piano ina kosa hilohilo. Ukiutuni uzi wa G mpaka kodi ya E iwe tamu, kodi nyingine zitalipa. Alikuwa anafanya hivyo kwa muda mrefu, akituni kwa kodi moja na kushangaa nyingine zikiharibika, na kwa kweli hilo lilikuwa limeongeza mkanganyiko wote.

Muungurumo

Huu ulikuwa mwepesi. Ukishika nyuzi, muungurumo haukubadilika. Ukishika chuma cha soketi ya waya, ulipungua. Tofauti hiyo peke yake inakuambia nyuzi hazijaunganishwa na ethi. Maltimita, ambayo hulia umeme ukiweza kupita, ilithibitisha: kutoka ganda la kidhibiti cha sauti mpaka soketi ililia, kutoka nyuzi mpaka soketi ilinyamaza.

Waya wa ethi ulikuwepo, umepita kwenye tundu lake mpaka chini ya daraja kama inavyotakiwa. Ila ulikuwa umewekwa kabla ya vanishi. Ncha yake iliyovuliwa ilikuwa imefunikwa na ngozi ngumu inayong'aa, na daraja lilikuwa linakaa juu ya ngozi hiyo. Tuliikwangua ncha, tukaitandaza, tukapiga msasa upande wa chini wa daraja mpaka chuma kikatoka, tukafunga. Maltimita ikalia. Shimo la vidhibiti tulilivika utepe wa shaba na kuulehemu kwenye ethi, na hilo likaondoa mlio mwembamba wa taa na chaja.

Ulibaki muungurumo mdogo anapokaa karibu na transfoma ya amplifaya, unaopungua akigeuka upande. Huo ni wa sumaku na unaingia kwenye koili yenyewe. Utepe wa shaba hauuzuii. Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover aliibuni kampuni ya Gibson katikati ya miaka ya 1950, inaufuta kwa kuweka koili mbili zilizopishana mwelekeo wa waya na wa sumaku, ili kelele ya moja iimeze kelele ya nyingine huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Akitaka siku moja anaweza kubadilisha. Zile alizonazo ni nzima, na sauti yake ya kung'aa ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo, kwa hiyo amezibakiza.

Wiki chache baadaye alilirudisha gitaa kwa ukaguzi, kama nilivyomwomba, kwa sababu shingo iliyokaa bila mkazo kamili hupinda kidogo inapozoea nyuzi. Upindo ulikuwa umeongezeka. Nilikaza chuma cha shingo, kile cha ndani kinachodhibiti upindo, robo mzunguko, nikapima tena feti ya 12, na matandiko hayakuhitaji kuguswa.